Kumpima Mchezaji Chipukizi: Siku Moja Haitoshi

Kila mwaka, masika yanapomalizika na baridi ya kipupwe inapoanza kushuka kutoka milimani, viwanja vya shule za sekondari katika mikoa ya Mbeya na Iringa hujaa vijana wanaongoja kuitwa, wengine wamevaa viatu vya mpira na wengine hawana viatu. Ndio wakati wa kuchagua timu za wilaya, na baadaye za mkoa, kwa ajili ya mashindano ya UMISSETA. Walimu watatu au wanne huketi juu ya benchi kando ya uwanja, daftari magotini. Vijana hugawanywa katika makundi mawili, hucheza kwa dakika thelathini au arobaini, kisha majina husomwa. Aliyesomwa jina lake hubaki kambini. Asiyesomwa hurudi shuleni kwake jioni ile ile.

Nimeketi juu ya benchi hilo mara nyingi. Nilifundisha fizikia na hisabati katika mikoa yote miwili, na kwa kuwa mwalimu wa sayansi hudhaniwa kuwa ni mtu wa saa na rula, nilikabidhiwa pia kazi ya michezo. Hoja yangu katika makala haya ni moja tu. Kumchagua mchezaji chipukizi ni kupima, sawasawa na kupima urefu wa waya au joto la maji katika maabara. Na kipimo chochote kina makosa yake. Mwanafunzi akiniletea taarifa ya jaribio la pendula aliyoisoma mara moja tu, humrudishia daftari na kumwambia arudie mara tano, kisha atafute wastani. Lakini jioni tukifika uwanjani, sisi hao hao huamua hatima ya kijana kwa kumtazama mara moja, tena tukiwa na haraka ya kuwahi gari.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukichagua timu ya wilaya, na kati ya vijana waliokuja alikuwamo mmoja wa kidato cha pili, mfupi, mwembamba, mwenye suruali iliyokunjwa kiunoni ili isidondoke. Alicheza nafasi ya kiungo. Kila alipopata mpira aliinua kichwa kwanza, akautoa kwa mguso mmoja au miwili, na mara nyingi ulimfikia mwenzake. Lakini alipogongana na mabeki wa kidato cha nne alianguka, na alianguka mara nyingi. Mwenzangu mmoja akasema, "Huyu bado mtoto." Mwingine akacheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika alama ya ndiyo mbele ya jina lake, nikaifuta. Mahali pake tulimchukua kijana mwenye kifua kipana na ndevu zilizoanza kuota, ambaye siku hiyo alifunga mabao mawili. Baada ya mwaka mmoja na nusu yule mfupi alikuwa amerefuka hata akanipita mimi, lakini mpira alikuwa ameuacha, kwa sababu alikwisha kuambiwa na watu wazima wanne kwamba hauwezi. Yule mwenye kifua hakuongezeka tena hata inchi moja. Alipofika kidato cha sita wenzake wote walikuwa wamemfikia, na nguvu alizokuwa akizitegemea zikawa si ajabu tena.

Sitaki msomaji aseme kwamba ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Tulipima kitu kimoja tukidhani tunapima kingine.

Saa, hewa na mlima

Tuanze na kile ambacho wengi wetu hukiamini kuliko macho, yaani saa ya kupimia mbio. Tuseme tunawapima vijana mbio za mita 30, na kwamba kijana wa kawaida huzimaliza kwa sekunde 4.5 hivi. Mwenye saa husimama mwisho wa mbio, mwenye filimbi mwanzo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kabla ya filimbi kumfikia mwenye saa zimekwisha kupita karibu sekunde 0.09. Tangu sikio lisikie mpaka kidole kibonyeze hupita tena sekunde 0.2, pengine zaidi kama mwalimu alikuwa akizungumza na jirani yake. Mwishoni kosa hubadilika, kwa maana mwenye saa humwona mkimbiaji akija, na baadhi yetu hubonyeza mapema. Jumla ya makosa hayo haipungui sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, na haiwi ile ile kwa kila kijana. Anayekimbia mita 30 kwa sekunde 4.5 huenda karibu mita 6.7 kila sekunde. Basi sekunde 0.2 ni zaidi ya mita moja na robo. Mara ngapi tofauti kati ya wa kwanza na wa tano katika mbio hizo ni kubwa kuliko hapo? Katika riadha jambo hili limetambuliwa zamani: muda wa mita 100 uliopimwa kwa mkono huongezwa sekunde 0.24 kabla ya kulinganishwa na muda wa mtambo wa umeme. Sisi tunaandika 4.41 na 4.47 katika daftari letu, tunampanga mmoja juu ya mwingine, na tunaona kwamba tumefanya kazi ya kisayansi kwa sababu kuna nukta katika namba.

Jambo la pili ni hewa yenyewe. Mji wa Mbeya uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa yapata mita 1,600. Katika kimo cha Mbeya kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko ile ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 18, na kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Matokeo yake kwa mwanamichezo si ya namna moja. Mbio fupi hazitegemei sana oksijeni inayovutwa wakati ule, na kwa kuwa hewa ni nyepesi, mkimbiaji hukutana na ukinzani mdogo. Mbio ndefu hutegemea sana oksijeni, basi huwa za polepole. Ushahidi mkubwa ulionekana katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico, mita 2,240 juu ya bahari. Bob Beamon wa Marekani aliruka mita 8.90, umbali ambao haukuwa umekaribiwa na mtu yeyote. Katika mbio za mita 10,000, Naftali Temu wa Kenya alishinda kwa dakika 29 sekunde 27.4, ingawa rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa dakika 27 sekunde 39.4, na mwenye rekodi hiyo, Ron Clarke wa Australia, alimaliza wa sita akaanguka chini kwa kukosa pumzi. (Ni michezo ile ile ambayo John Stephen Akhwari wetu alimaliza mbio za marathoni akichechemea, mguu umefungwa bendeji, lakini habari hiyo ni ya moyo, si ya kanieneo.)

Sasa fikiria mwalimu wa Mbeya anayetumia kipimo cha Cooper, yaani kukimbia kwa dakika 12 na kupima umbali, kilichotolewa mwaka 1968 na daktari Mmarekani Kenneth Cooper. Jedwali la kipimo hicho halikuandikwa kwa ajili ya uwanja wa Sokoine. Kijana anayefika mita 2,700 pale amefanya kazi kubwa kuliko anayefika mita hizo hizo karibu na bahari, lakini katika karatasi wanaonekana sawa. Upande wa pili, beki wa Mbeya mwenye mkwaju wa kufika nusu ya uwanja wa wapinzani husaidiwa kidogo na hewa nyepesi. Mpira huo huo akiupiga Dar es Salaam, alasiri yenye unyevu na joto, atashangaa kuona umepungukiwa njiani, na kocha mgeni atasema kijana ameogopa jiji.

Baridi nayo ina sehemu yake. Msuli uliopoa hukaza polepole, na kijana aliyekaa kwenye nyasi saa nzima akingoja zamu yake asubuhi ya Juni si yule aliyeitwa wa kwanza akiwa bado na joto la kukimbia kutoka bwenini. Nimewahi kuona orodha ya majina ikifuata alfabeti, na walioitwa mwisho wakaonekana wazito. Hakuna aliyejiuliza kwa nini wazito wote wanaanzia na herufi M.

Umri ulioandikwa na umri wa mifupa

Hayo yote ni madogo yakilinganishwa na umri. Mvulana hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote karibu na umri wa miaka 14, naye huweza kuongezeka sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Msichana hufikia kasi hiyo karibu na miaka 12. Lakini hizo ni wastani. Katika darasa moja, kati ya vijana waliozaliwa mwaka mmoja, tofauti ya ukuaji wa mwili huweza kufikia miaka mitatu au zaidi. Mmoja ana mwili wa mtu wa miaka 16, mwingine wa mtoto wa miaka 12, na vyeti vyao vya kuzaliwa vinasema vyote 14. Katika shule zetu, ambamo wapo walioanza darasa la kwanza mapema na wapo waliochelewa kwa sababu ya umbali au ada ya nyumbani, hata mwaka wa kuzaliwa haufanani.

Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake nchini Kanada walichapisha uchunguzi kuhusu wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni. Waligundua jambo ambalo lilikuwa wazi kwa kila mtu mwenye orodha ya majina, lakini hakuna aliyekuwa ameliangalia: waliozaliwa Januari, Februari na Machi walikuwa wengi kupita kiasi, na waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wachache. Sababu haikuwa nyota wala majira. Umri wa makundi ya watoto ulihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, hivyo wa Januari alikuwa mkubwa kwa karibu mwaka mzima kuliko wa Desemba aliyekuwa katika kundi lake. Akiwa mkubwa alionekana hodari. Akionekana hodari alichaguliwa. Akichaguliwa alipewa kocha bora na mechi nyingi zaidi. Na baada ya miaka kumi alikuwa hodari kweli. Uteuzi ulikuwa umejitengenezea ushahidi wake. Uchunguzi wa namna hiyo umerudiwa katika soka ya nchi nyingi, na matokeo yamefanana.

Hapa kuna kazi nzuri kwa darasa la hisabati. Chukua orodha ya timu ya wilaya au ya mkoa ya miaka michache, pamoja na tarehe za kuzaliwa, na uzigawe kwa robo za mwaka. Kama mwezi wa kuzaliwa hauna uzito wowote, katika wachezaji 40 utapata kumi kumi kila robo, au karibu na hapo. Kisha hesabu tena kwa mwaka wa kuzaliwa ukilinganisha na kidato. Wanafunzi wenyewe watajua la kusema.

Baadhi ya watu huona dawa ya jambo hili ni kuwakamata wadanganyifu wa umri, na ni kweli kwamba udanganyifu umetugharimu. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana wenye umri chini ya miaka 17 iliondolewa katika fainali za Afrika zilizofanyika Gambia kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na nafasi ikapewa Zimbabwe. Tangu mwaka 2009 shirikisho la soka la dunia, FIFA, hutumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono, zinazopigwa kwa nguvu za sumaku, katika mashindano ya dunia ya umri huo. Mfupa ukionekana umekwisha kuungana kabisa, ni nadra mno kijana kuwa chini ya miaka 17. Lakini picha ya mfupa humkamata aliyezidi. Haimtetei aliyechelewa. Yule kiungo wangu wa suruali iliyokunjwa hakudanganya lolote, wala mwenye ndevu hakudanganya. Wote wawili walikuwa na vyeti halali. Aliyedanganyika ni mwenye daftari.

Wenye fedha nao hukosea

Huenda mwalimu mwenzangu akasema kwamba makosa haya ni ya umaskini, kwamba tungekuwa na mitambo na wataalamu tungewaona vijana wanavyostahili kuonwa. Basi na tuangalie nchi ambayo hutumia fedha nyingi kuliko zote kuwapima wanamichezo wa vyuo kabla ya kuwaajiri. Nchini Marekani wachezaji wa vyuo vikuu hugawanywa kwa klabu za kulipwa kwa utaratibu uitwao drafti (msomaji asiuchanganye na mchezo wetu wa kete wa barazani), ambao katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, ulianza mwaka 1936. Klabu huchagua kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya siku hiyo vijana hukusanywa, hupimwa kimo, uzito, urefu wa mikono, mruko, na mbio za yadi 40, ambazo ni mita 36.6. Kila klabu ina watu ambao kazi yao ya mwaka mzima ni kuwatazama vijana hao.

Katika drafti ya mwaka 2000 kijana mmoja aitwaye Tom Brady alichaguliwa wa 199. Mbio zake zilikuwa za polepole na mwili wake haukupendeza. Alikuja kushinda ubingwa mkuu wa mchezo huo mara saba, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia. Mtu anaweza kusema huyo ni mmoja tu. Lakini mwaka 2008 watafiti Kuzmits na Adams walilinganisha matokeo ya vipimo hivyo na kazi halisi ya wachezaji baadaye, wakakuta kwamba, ukiacha mbio kwa wale ambao kazi yao ni kukimbia na mpira, hakukuwa na uhusiano wa kutegemewa. Wanauchumi Massey na Thaler nao waliuliza swali jepesi: ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, ni mara ngapi yule wa kwanza huwa bora kuliko yule aliyemfuata? Jibu lilikuwa juu kidogo tu ya nusu. Sarafu ingefanya karibu vile vile, na sarafu hailipwi mshahara.

Sisi Watanzania tunayo habari yetu katika kitabu hicho. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, alianza mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, akaenda Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Kimo chake ni mita 2.21. Katika msimu wake wa mwisho chuoni alizuia mipira minne na zaidi katika kila mchezo. Mwezi Juni mwaka 2009 klabu ya Memphis ilimchagua wa pili katika drafti nzima. Ni heshima ambayo hakuna Mtanzania mwingine aliyeipata. Wa saba, baada yake, alichaguliwa Stephen Curry, ambaye wengi walimwona mdogo wa umbo. Thabeet alicheza michezo 224 katika ligi ile, kwa wastani wa pointi 2.2 kila mchezo. Curry akawa mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama zake.

Simwandiki Thabeet ili kumcheka. Kutoka kuokota mpira ukubwani hadi kufika ligi ile ni safari ambayo wachache duniani wameimaliza. Ninachokiuliza ni kuhusu waliompima. Kimo husomwa kwa futi ya ukutani, mara moja, bila kosa. Mkono wa kutupia mpira kutoka mbali, au jicho linaloona nafasi kabla haijafunguka, havina futi. Binadamu akiwa na kipimo kimoja rahisi na kimoja kigumu, hukipa kile rahisi uzito wa vyote viwili. Memphis walifanya hivyo wakiwa na mamilioni ya dola. Sisi tulifanya hivyo juu ya benchi Iringa.

Sarafu darasani

Sasa hesabu, ambayo ndiyo roho ya hoja hii. Mwambie kila mwanafunzi katika darasa la watu 40 arushe sarafu mara kumi na kuhesabu vichwa. Watano waliopata vichwa vingi zaidi, pengine saba, nane au tisa, waite mbele na uwapongeze kama timu ya wilaya. Kisha warushe tena mara kumi. Utaona wastani wao umerudi karibu na tano. Hawakuvimba kichwa wala hawakulogwa. Tulikuwa tumechagua bahati tukaipa jina la kipaji, na bahati haina desturi ya kufuatana na mtu.

Mchezaji si sarafu. Anao uwezo wa kweli. Lakini alama anazopata siku moja ni uwezo pamoja na bahati: alilala wapi, alikula nini, walimpanga na nani, mpira ulidunda juu ya jiwe gani. Tuchukue mfano. Tuseme wapo vijana 100, na kumi kati yao ndio bora kwa kweli. Tuseme pia kwamba uhusiano kati ya alama za jaribio la siku moja na uwezo wa kweli ni 0.5, ambao si mdogo hata kidogo kwa kazi ya namna hii. Tukichagua kumi walioongoza, kanuni za uwezekano zinatuambia kwamba tutakuwa tumewapata watatu tu kati ya wale kumi bora. Saba tumewaacha waende zao. Tukiwapima siku sita tofauti na kuchukua wastani, makosa ya siku moja hufutana na ya siku nyingine, na uhusiano hupanda hadi karibu 0.8. Sasa tutawapata kati ya watano na sita. Hatukununua mtambo wowote. Tulirudia jaribio tu, kama tunavyowaamuru wanafunzi warudie la pendula.

Basi kinachotakiwa ni daftari. Mwalimu wa michezo aandike jina, tarehe ya kuzaliwa, na kimo kila mwanzo wa muhula. Ukiwa na vimo vitatu vya miezi tofauti unaweza kuchora mchoro na kuona nani bado anapanda na nani amefika kileleni. Aandike alama za kila mchezo wa shule, wa bweni kwa bweni na wa darasa kwa darasa, si za siku ya uteuzi peke yake. Mbio zipimwe mara tatu, na saa mbili zitumike. Walimu wanaochagua wakae mbalimbali, kila mmoja aandike alama zake kabla mwingine hajafungua kinywa, kwa maana "huyu bado mtoto" iliyosemwa kwa sauti na mwalimu mwandamizi hugeuza hukumu nne kuwa moja. Na wilaya, inapopeleka majina mkoani, ipeleke madaftari pamoja nayo. Wakati wa uteuzi itengwe nafasi, hata ya watu watatu, kwa ajili ya wadogo wa umbo ambao mchoro wao bado unapanda.

Nimeambiwa kwamba haya ni mengi kwa mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki. Ni kweli ni kazi. Lakini wanafunzi wenyewe wanaweza kuifanya nusu yake, na ni somo la takwimu lililo hai kuliko lile la kupima urefu wa maharagwe. Pingamizi lingine ni zito zaidi: kwamba tunafanya nini na aliyechaguliwa? Nimewaona vijana wa kidato cha tatu waliosomwa majina yao mkoani wakaona shule imekwisha kazi, wakapanda basi kwenda kutafuta majaribio ya klabu mjini. Baada ya miezi wengine walirudi, dawati lao likiwa na mtu mwingine. Kama jaribio letu humpata mtu sahihi mara tatu katika kumi, basi saba katika kumi tunawaambia jambo lisilo kweli, na tunawaambia katika umri ambao mtu huamini. Ndiyo maana naona ni wajibu wa mwalimu kumwambia aliyechaguliwa namba hiyo waziwazi, kama daktari anavyomweleza mgonjwa.

Wala asidhani mtu kwamba Nyanda za Juu Kusini zimekosa wachezaji wa kuchagua. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa mvua na migomba, ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa mwaka 1986. Mbeya City, iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji, ilipanda ligi kuu mwaka 2013 na msimu huo huo wa kwanza ikamaliza ya tatu chini ya kocha Juma Mwambusi, kwa wachezaji ambao wengi wao hawakuwa na majina. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya kombe la shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam bao moja kwa bila. Vijana hao hawakuota siku walipoonekana. Walikuwapo miaka mitano kabla, katika uwanja fulani wa shule wenye mteremko upande mmoja, na mtu aliye na daftari aliwaona au hakuwaona.

Daftari langu la mwaka ule bado ninalo. Mbele ya jina la yule kiungo alama ya ndiyo inaonekana chini ya ufutio ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga. Safu ya tarehe ya kuzaliwa tulikuwa tumeichora kwa rula, kwa wino mwekundu, na kuanzia jina la kwanza hadi la sitini na nne haina kitu.